Kiarabu cha bibi si cha kutupwa jaani

Kila mwaka vijana wetu kutoka Mombasa, Lamu, Malindi, Garissa na hata Nairobi hufunga virago kwenda ng'ambo kusomea Kiarabu. Wako waendao Cairo, wako waendao Madina, na wako waendao Amman au Muscat. Watu wawaonapo kwenye uwanja wa ndege hudhani kwamba wote ni wa aina moja, yaani wageni waendao kujifunza lugha ya wenyewe. Sivyo hata kidogo. Miongoni mwao wamo ambao lugha hiyo waliisikia kabla hawajaota meno, maana babu zao na bibi zao waliizungumza nyumbani. Hawa si wageni wa Kiarabu, wala si wenyeji wake. Wamesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Ni juu ya mwanafunzi huyu wa mlangoni ningependa kuzungumza leo na walimu na wanafunzi wenzangu. Dai langu ni moja. Mwanafunzi huyu hupokewa vibaya darasani, ama kwa kuhesabiwa kuwa hajui kitu, ama kwa kuhesabiwa kuwa anajua kila kitu. Hasara ya mapokezi hayo haikomei kwenye alama za mtihani, bali huingia hadi nyumbani, ikaikata lugha ya ukoo kwa mkono wa yule yule aliyekwenda kuitafuta.

Nasema kwa ushahidi wa macho yangu. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, katika ukoo wa wale tuwaitao Washihiri, yaani watu waliotoka Hadhramaut kusini mwa Yemen, wakapewa jina la bandari ya Shihr walikopandia jahazi. Bibi yangu mzaa baba alizungumza Kiarabu cha kwao mpaka alipofariki. Kilikuwa Kiarabu cha jikoni na cha buli la kahawa, cha kukaripia watoto na cha kuwaombea dua. Sisi wajukuu tulimjibu kwa Kiswahili. Tulielewa takriban kila alichosema, lakini tulipotakiwa kukisema wenyewe, ulimi ulikuwa mzito. Mwaka 2009 nilipata nafasi ya kwenda Cairo kuisoma lugha hiyo kwa utaratibu, na tangu niliporejea nimekuwa nikifundisha. Niliyoyaona huko ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

DARASA LA ALIFU

Siku ya kwanza tulipewa mtihani wa kutupanga madarasani. Jina la taasisi hiyo sitalitaja, kwani mtindo wake ndio mtindo wa taasisi nyingi. Mtahini alisimama mbele yetu, akaeleza kwa Kiarabu masharti ya mtihani, muda wake na mahali pa kuandika majina. Nilimwelewa neno kwa neno. Jirani yangu, kijana wa Kizungu aliyekuwa amesoma Kiarabu miaka miwili katika chuo cha kwao, aliniinamia akaniuliza kwa Kiingereza mtu yule amesema nini.

Kisha karatasi zikafunguliwa. Zote zilikuwa za sarufi: tia irabu mwishoni mwa kila neno, bainisha mtenda na mtendwa, geuza umoja uwe wingi, andika insha ya kurasa mbili. Jirani yangu akaanza kuandika bila kuinua kichwa. Matokeo yalipobandikwa, yeye alipelekwa darasa la tatu, nami nikapelekwa la kwanza, nikakaa na watu waliokuwa wakifundishwa kuchora alifu na kutamka herufi ambazo mtoto yeyote wa chuo cha Kurani pale Mombasa huzitamka akiwa na miaka sita. Kwa majuma matatu tulikariri jinsi ya kusema jina langu ni fulani na natoka nchi fulani.

Sikuwa peke yangu. Alikuwamo kijana wa Dearborn, mji wa jimbo la Michigan huko Marekani wenye jamii kubwa ya Waarabu, ambaye wazazi wake ni Walebanoni. Kijana huyo aliweza kubishana bei na muuza juisi ya miwa mpaka watu wakacheka, lakini hakuweza kusoma kibao kilichokuwa juu ya duka la mtu huyo. Alikuwamo pia binti wa Kinubi kutoka Kibera, ambaye nitamrudia. Sote watatu tulikuwa na masikio ya Kiarabu na mikono isiyojua kukiandika. Mtihani haukuwa na swali hata moja la sikio.

Baadaye niliona kinyume chake. Mwanafunzi mwingine, mwana wa Wayemeni waliohamia Uingereza, alifanyiwa mahojiano ya mdomo badala ya mtihani wa karatasi. Alizungumza kwa ufasaha wa nyumbani uliowafurahisha walimu, wakampandisha moja kwa moja hadi darasa la juu, ambako walikuwa wakisoma makala za magazeti na mashairi ya kale. Hakumaliza mwezi wa pili. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba kila siku alihisi anasomewa lugha ya watu wengine kwa sauti ya babake.

LUGHA MOJA, GHOROFA MBILI

Ili tuelewe chanzo cha matatizo haya, yafaa tukumbuke jinsi Kiarabu kilivyo. Mwaka 1959 mtaalamu wa isimu wa Marekani, Charles Ferguson, aliandika makala mashuhuri kuhusu jamii ambazo zina sura mbili za lugha moja, ya juu na ya chini, kila moja na kazi yake. Alitoa mifano minne: Kiarabu, Kigiriki cha sasa, Kijerumani cha Uswisi na Krioli ya Haiti. Katika Kiarabu, sura ya juu ndiyo iitwayo fus-ha, ambayo ni lugha ya vitabu, hotuba, magazeti na taarifa ya habari. Hakuna mama anayembembelezea mtoto kwa fus-ha. Sura ya pili ni ammiya, lugha ya nyumbani na sokoni, nayo hubadilika kutoka nchi hadi nchi na pengine kutoka bonde hadi bonde.

Mgeni anayejifunza Kiarabu chuoni huingilia ghorofa ya juu. Mtoto wa ukoo huzaliwa ghorofa ya chini. Kila mmoja ana nusu ambayo mwenzake hana. Shule nyingi hupima ghorofa ya juu peke yake, kisha zikatangaza kwamba zimempima mtu mzima.

Fauka ya hayo, mtoto wa ukoo aendapo ng'ambo, aghalabu huifikia ghorofa ya chini ya nyumba nyingine, si ya kwao. Bibi yangu alikuwa akisema 'gahwa' kwa maana ya kahawa. Watu wa Cairo husema 'ahwa', kwa kuwa herufi qaf wao huimeza kooni. Herufi ambayo sisi husoma jimu, Wamisri huitamka kama ga, hivi kwamba ngamia ni 'gamal'. Wahadhrami wa bondeni huitamka kama ya, na msikiti kwao huwa 'masyid'. Bibi alipotaka kusema 'sasa', alisema 'dhal-hin'. Mtu wa Cairo husema 'dilwa'ti'. Ukiyasikia maneno haya mawili utadhani hayana nasaba. Lakini yachambue: la kwanza ni 'dha' na 'al-hin', la pili ni 'da' na 'al-waqt', na yote mawili maana yake ni wakati huu. Isitoshe, hilo 'waqt' ndilo lililotupa Waswahili neno wakati. Mwalimu aliye makini angeweza kufanya somo zima kwa maneno hayo mawili, na kila mwanafunzi angetoka darasani akijua kwamba lugha ya kwao imejengwa kwa matofali yale yale.

Sasa nimrudie yule binti wa Kibera. Wanubi wa Kenya ni wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, wakapewa makazi Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Lugha yao, Kinubi, maneno yake mengi ni ya Kiarabu, ila sarufi yake imeshika njia yake yenyewe. Kwa Kinubi, 'ana gi-rua' ni mimi ninakwenda na 'ita gi-rua' ni wewe unakwenda. Kitenzi hakibadiliki, hubadilika nafsi tu. Katika fus-ha kitenzi chenyewe hubadilika kwa nafsi, kwa jinsia na kwa idadi. Maji kwa Kinubi ni 'moyo', neno litokanalo na 'moya' ya Wasudani, nalo humfanya Mswahili aulizwe kama anataka kunywa moyo!

Binti huyu aliposema sentensi yake ya kwanza darasani, mwalimu alimkatiza akamwambia kwamba hicho ni Kiarabu kilichovunjika. Mwalimu hakujua kwamba mtaalamu wa Kijerumani, Bernd Heine, alichapisha mwaka 1982 kitabu kizima juu ya Kinubi cha Kibera, akionyesha kuwa ni lugha kamili yenye kanuni zake. Binti hakufungua tena kinywa kwa muda mrefu. Alikuwa amekuja Cairo akiwa na furaha kwamba anakaribia chemchemi ya lugha ya nyanyake, na siku ya tatu akaambiwa kwamba maji aliyokunywa tangu utotoni ni taka.

KALAMU NYEKUNDU

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kumsahihisha mwanafunzi ni wajibu wa mwalimu. Hakuna aendaye ng'ambo kwa gharama kubwa ili aambiwe kwamba kila alichonacho ni sawa. Lakini kuna kusahihisha na kuna kufuta. Mwalimu anayesema, "Hivi ndivyo wasemavyo kwenu, na katika barua rasmi huandikwa hivi," amemwongezea mwanafunzi lugha. Anayesema, "Hiyo si lugha," amempunguzia.

Matokeo ya kufuta niliyaona kwa yule kijana wa Dearborn. Baada ya miezi michache alianza kumsahihisha mamake kwenye simu. Mama akisema neno la Kilebanoni, kijana humwambia kwamba neno sahihi ni jingine. Mama akavumilia kwa muda. Kisha akaanza kuzungumza na mwanawe kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza hakuna aliyemwambia kwamba amekosea. Kijana alitueleza habari hiyo kama mzaha, naye alikuwa ameitoka Michigan ili azungumze na mamake vizuri zaidi.

Kwa bahati njema, katika muhula wa pili tulipata mwalimu wa aina nyingine, mzee wa makamo ya kustaafu. Huyu alituambia sisi wa nyumba za Kiarabu kwamba kila Jumapili, siku ambayo juma la masomo huanza Misri, tuje na neno moja la nyumbani ambalo tumeambiwa kwamba si sahihi. Kisha tungelitafuta pamoja katika kamusi kubwa.

Neno langu la kwanza lilikuwa 'abgha', yaani nataka, ambalo bibi alilisema mara mia kwa siku. Katika daftari langu lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu na mwalimu wa muhula wa kwanza, na juu yake pakaandikwa 'uridu'. Mzee akatufungulia Lisan al-Arab, kamusi iliyotungwa na Ibn Manzur katika karne ya 13, akatuonyesha mzizi wa neno hilo umeelezwa kwa urefu: kutaka, kutafuta. Kisha akaniuliza kama sijawahi kukisoma kitenzi hicho katika Suratul Kahf, katika kisa cha Nabii Musa na kijana wake walipompoteza samaki. Nilikuwa nimekisoma tangu utotoni, tena kwa moyo. Neno la jikoni kwetu lilikuwamo ndani ya Kurani, nami sikuwa nimeyaunganisha mawili hayo, kwa kuwa moja nililisikia kwa bibi na la pili nililikariri chuoni, na hapakuwa na mtu wa kuyakutanisha.

Mzee hakusema kwamba niandike 'abgha' katika insha. Alisema niandike 'uridu', kwa sababu ndilo neno la insha za leo, ila nijue kwamba bibi yangu hakukosea. Maneno hayo machache yalinifaa kuliko muhula mzima uliotangulia.

HAZINA ILIYO NDANI YA KISWAHILI

Mwanafunzi wetu wa Afrika Mashariki ana hazina nyingine ambayo yule wa Michigan hana, nayo ni Kiswahili. Kila mmoja anajua kwamba Kiswahili kina maneno ya Kiarabu. Wachache hutambua kwamba kimebeba pia sehemu ya mashine inayoyazalisha maneno hayo.

Kiarabu hujengwa kwa mizizi, aghalabu ya herufi tatu, na kwa mizani ambazo mizizi hiyo humiminwa ndani yake. Mgeni huchukua miezi kuizoea hali hii. Mswahili anayo tayari kinywani. Kutoka mzizi k-t-b tunayo kitabu, katibu na maktaba. Kutoka h-k-m tunayo hukumu, hakimu, hekima na mahakama. Kutoka d-r-s tunayo darasa na madrasa. Kutoka f-k-r tunayo fikira, fikiri na tafakari. Tazama sasa maktaba, mahakama na madrasa: yote ni majina ya mahali, na yote yamekatwa kwa mizani moja. Katibu, tajiri na hakimu ni watenda, na mizani yao ni moja. Tazama tena maarufu, mashuhuri, majeruhi, mahabusu na marehemu: hawa wote ni watendwa, yaani aliyejulikana, aliyetangazwa, aliyejeruhiwa, aliyefungwa na aliyerehemiwa. Mwanafunzi aliyekulia Kiswahili akionyeshwa orodha hiyo kwa dakika kumi, sura ya vitabu vya sarufi inayowatoa wengine jasho huwa kwake ni kukumbushwa tu.

Hata hivyo, hazina hii ina mitego yake. Maneno yaliposafiri kwa jahazi yalibadilika njiani. Mswahili akiomba kitu husema tafadhali. Mwarabu husema 'tafaddal' anapomkaribisha mtu aketi, aingie au achukue, na anapoomba husema 'min fadlak'. Anayeingia dukani akamwambia muuzaji 'tafaddal' atakuwa anamkaribisha mwenye duka katika duka lake mwenyewe. Rahisi kwetu ni jambo lisilo gumu au kitu cha bei ndogo, na kwao 'rakhis' ni bei ndogo tu. Hasira kwetu ni ghadhabu, ilhali 'hasra' kwao ni majuto na huzuni. Bwana harusi huwachekesha sana watu wa Cairo, kwa kuwa 'arusa' kwao ni mwanamke anayeolewa, na mwanamume ni 'aris'. Na siku za juma je? Alhamisi ni ya tano kwa hesabu ya Waarabu, inayoanza Jumapili. Jumatano ni ya tano kwa hesabu yetu, inayoanza Jumamosi. Hivyo Mswahili ana siku mbili za tano zilizofuatana, wala hazimsumbui.

Mwalimu mgeni hawezi kujua haya yote. Lakini mwalimu wa Kenya anaweza. Kiarabu ni mojawapo ya lugha zinazotahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne nchini, na vyuo vya Kurani vimejaa kila mtaa wa pwani. Watoto hutoka huko na matamshi ambayo wasomi wa vyuo vikuu vya Ulaya huyatafuta kwa taabu, kisha hakuna anayewaambia kwamba walichonacho ni mtaji. Wazee wetu walitumia lugha hizi mbili bila kuona shida. Utendi wa Tambuka, wenye hati ya mwaka 1728, uliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, lilitoka kwa Kiswahili na Kiarabu. Bibi yangu mwenyewe, ambaye hakupata kwenda shule ya serikali, alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na dada yake huko Lamu akizisoma.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, taasisi zipime kila stadi peke yake. Jambo hili si geni wala gumu. Viwango vya lugha vya A1 hadi C2, vilivyotangazwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 na kufuatwa na vyuo vingi vya Kiarabu, vyenyewe hutenga kusikiliza, kusoma, kuzungumza na kuandika. Mtu anaweza kuwa B2 wa kusikiliza na A1 wa kuandika, na hiyo ndiyo sura halisi ya mtoto wa ukoo. Mwanafunzi wa namna hii ahudhurie somo la kuandika pamoja na wanaoanza, na la mazungumzo pamoja na waliotangulia. Mahali ambapo wanafunzi kama hawa ni wengi, wafunguliwe darasa lao.

Pili, mwanafunzi anayekwenda asingoje kugunduliwa. Akifika aseme mapema: mimi naelewa kadha wa kadha, siwezi kadha wa kadha. Kabla ya hapo, ajifunze kuandika angali hapa nyumbani, kwa kuwa herufi zinaweza kufundishwa na ustadhi yeyote wa mtaani kwa bei nafuu kuliko Cairo. Nauli na karo ya ng'ambo zisitumike kununua alifu.

Tatu, na hili ndilo lililo na haraka kuliko yote, wazee wasikilizwe wangalipo. Zamani kijana wa Kishihiri aliyetaka kuisikia lugha ya ukoo wake aliweza kwenda Hadhramaut yenyewe, na mji wa Tarim ulikuwa ukipokea wanafunzi kutoka pwani yetu. Vita vilivyopamba moto nchini Yemen mwaka 2015 viliifanya safari hiyo kuwa ngumu. Khartoum nayo, iliyokuwa na taasisi ya kimataifa ya kuwaandaa walimu wa Kiarabu kwa wasio Waarabu, iliingia vitani tarehe 15 Aprili 2023, na wanafunzi wa kigeni wakahamishwa. Malango yanapofungwa huko, kile Kiarabu kilichobaki katika baraza za Mombasa na Lamu, na Kinubi kilichobaki Kibera, thamani yake huzidi. Kijana anayesubiri viza ana simu inayorekodi sauti mfukoni mwake. Na aketi na bibi yake jioni tatu, amwombe amsimulie jinsi kahawa ilivyokuwa ikipikwa, jinsi mtoto alivyobembelezwa, na majina ya vyombo vya jahazi. Hiyo itakuwa kamusi isiyouzwa popote.

Mwisho, nina neno kwa walimu wenzangu wa Kiswahili, maana shutuma hizi zisiwaendee walimu wa Cairo peke yao. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, sisi nasi tumekuwa na ghorofa zetu mbili. Mtoto wa Kimvita huandika 'ndia' badala ya njia, 'kitwa' badala ya kichwa na 'mtele' badala ya mchele, na daftari lake hurudi limejaa wekundu. Mtoto huyo anakijua Kiswahili tangu tumboni, lakini mara nyingi hupitwa mtihani na mwenzake aliyekikuta shuleni. Wakuu wa shule hustaajabu, na wengine husema kwamba watoto wa pwani ni wavivu. Sikubali. Mtoto huyo naye anasimama mlangoni.

Afundishwe kichwa, njia na mchele, maana ndivyo mtihani utakavyo, na hakuna huruma katika kumnyima mtoto lugha ya mtihani. Lakini aambiwe pia kwamba kwa lahaja ya kwao, na ya jirani zao wa Lamu, zilitungwa tenzi tunazozisoma hadi leo. Maneno hayo hayachukui dakika mbili za kipindi. Yule mzee wa Cairo hakuhitaji muda zaidi ya huo.